"Tulinde cha kwetu": wimbo wa kila jukwaa

(Walio mtandaoni, hotuba nimeikata vipande ili msome polepole.)

Anayetaka serikali imiliki viwanda atawaambia tulinde cha kwetu. Anayehubiri soko huria naye, kura zikikaribia, atawaambia hivyo hivyo. Msishangae, ni jambo la zamani. Mwaka 1967 Tanzania ilitoa Azimio la Arusha na kutaifisha benki, ikauita ujamaa. Mwaka huo huo Kenya, iliyowakaribisha mabepari, ilipitisha Sheria ya Leseni za Biashara: asiye raia akazuiwa kuuza bidhaa kadhaa na kufungua duka katika maeneo mengi. Uganda, 1972, utawala wa kijeshi ukawapa Waasia siku 90 waondoke. Maduka yakapata wenye wapya, kisha rafu zikabaki tupu.

Mbona wimbo huu unamfaa kila mtu? Kwa sababu "kwetu" haimtaji mtu. Kila msikilizaji anajijaza mwenyewe.

Sasa tuje sokoni hapa. Mkulima wa Kieni amevuna vitunguu, lori la Tanzania linashusha vingine, bei inaanguka. Yeye anataka mpaka ufungwe hata leo. Hatua chache kando yake, mama wa mitumba anafungua beli. Huyo hataki kusikia habari ya kufunga mpaka. Na wacha niseme ukweli, wakati mwingine hao wawili ni mtu na mkewe.

Mwaka 2016 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kuondoa mitumba ifikapo 2019. Marekani ikatishia kututoa kwenye AGOA, mpango uliokuwa ukiingiza nguo zetu kwao bila ushuru. Kenya ikarudi nyuma. Rwanda ikakaza: ushuru ukapanda kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo, na 2018 nguo zake zikapoteza nafasi hiyo. Huku kwetu Mountex ya Nanyuki ilishafungwa kitambo. Kuzuia beli hakungeifufua kesho yake, lakini mama wa mitumba angelala njaa usiku huo huo.

Mimi sipingi kulinda. Kiwanda kichanga kinahitaji muda. Ila anayekuja na wimbo aulizwe: unafunga nini, kwa miaka mingapi, na nani atalipa bei ikipanda? Akijibu "wageni", hajapiga hesabu. Ushuru huo, sehemu kubwa, utaulipa wewe ukinunua shati la mtoto.

Haya, maswali. Mama wa mitumba pale nyuma, anza wewe.