Kiongozi Anaposema na Jirani

(Mada iliyotolewa kwa kamati za parokia, Nduguti, Wilaya ya Mkalama)



Tumeombwa kuzungumzia lugha ya viongozi wanaposema na nchi nyingine. Huenda mtu akauliza jambo hilo linatuhusu nini sisi tunaohangaika na visima na alizeti. Linatuhusu, kwa sababu kiongozi akisema na jirani anasema kwa niaba yetu, na gharama ya kauli yake tunailipa sote.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere alilitangazia taifa kwamba sababu ya kumpiga tunayo, uwezo tunao na nia tunayo. Sauti ilikuwa kali, lakini tuliangalie neno lenyewe: alisema "kumpiga", hakusema "kuwapiga". Adui alikuwa mtu mmoja, si watu wa Uganda. Kauli hiyo iliacha mlango wazi. Waganda waliokuwa uhamishoni walipigana bega kwa bega na askari wetu hadi Kampala ilipochukuliwa Aprili 1979.

Mfano wa pili ni wa Mei 2013, huko Addis Ababa. Katika mkutano kuhusu vita vya mashariki ya Kongo, Rais Kikwete alishauri serikali za eneo hilo zizungumze na waasi wanaozipinga, na kwa Rwanda maana yake ilikuwa kundi la FDLR. Kwetu ushauri huo ulikuwa wa kawaida, maana tumezoea kuwaketisha wanaogombana. Lakini ndani ya FDLR walikuwamo watu waliohusishwa na mauaji ya kimbari ya 1994. Kwa wengi nchini Rwanda, neno "mazungumzo" lilisikika kama kuwasafisha wauaji. Maneno makali yakafuata, na uhusiano ukazorota. Katika hotuba yake ya mwisho wa Julai, Rais Kikwete alieleza kuwa Tanzania inataka uhusiano mwema na Rwanda. Septemba marais hao wawili wakakutana Kampala, uso kwa uso.

Ndugu zetu, tunajifunza mambo matatu. Kwanza, ukali uelekezwe kwa mkosaji na kosa lake, usiwabebe na jamaa zake. Pili, neno lipimwe kwa sikio la anayelisikia, si kwa nia ya msemaji peke yake. Tatu, uhusiano ukiharibika hadharani, kauli ya kuutuliza nayo itolewe hadharani, kisha watu wakutane.

Haya yanatugusa hapa hapa. Ng'ombe wakiingia shambani, muhtasari wa kikao ukiandika "wafugaji wametuvamia", tumeshatangaza vita na watu ambao kesho tutachota nao maji kisima kimoja. Tukiandika ng'ombe wa nani waliingia shamba la nani, siku gani, wakaharibu kiasi gani, wazee wana jambo la kuamua na fidia inaweza kulipwa.

Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Tunaziomba kamati zote, kabla ya kutia sahihi muhtasari wowote unaomtaja jirani, ziusome kwa sauti kana kwamba jirani huyo ameketi kikaoni.