Kukodi Fungu la Anwani za IP: Tahadhari kwa Taasisi za Bonde la Kilombero

Mada kwa maofisa TEHAMA wa hospitali, shule na vituo vya utafiti, Namawala



Anwani ya IP ni namba inayotambulisha kifaa kwenye mtandao. Hilo halihitaji maelezo hapa. Anwani za toleo la 4 hazizidi bilioni 4.3 duniani kote, na akiba kuu ilikwisha Februari 2011. Kwa Afrika mgawaji ni AFRINIC, yenye makao Mauritius, ambayo tangu Januari 2020 imekuwa na ukomo wa anwani 1,024 kwa ombi moja.  Kwa uhaba huo, wengi wetu tunakodi: anwani 8, 16 au fungu la 256, kwa mtoa huduma anayetuhifadhia seva.

Niingie kwenye tatizo lenyewe. Anwani ya kukodi ina historia. Aliyekutangulia huenda alimwaga barua taka, namba zikaingizwa kwenye orodha za kuzuiwa, kama zile za Spamhaus, kisha akahama. Unakabidhiwa wewe, na barua pepe za hospitali zinaanza kukataliwa. Hujafanya kosa lolote. Seva ya mpokeaji imeiona namba tu, na imeikataa.

Kinachouma zaidi ni kwamba mpangaji hana sauti. Baadhi ya orodha hupokea ombi la kufutwa kutoka kwa mwenye fungu peke yake. Rekodi ya kinyume, ile inayoonyesha namba ni ya jina gani, nayo iko mikononi mwake. Isipokuwapo, seva nyingi hukataa barua. Na ukikodi anwani 8 tu, jirani mchafu ndani ya 256 anaweza kusababisha fungu lote lizuiwe. Unapiga simu, unaambiwa usubiri. Wakati huo majibu ya maabara na takwimu za malaria, ambazo zimelifanya jina la Namawala lijulikane kwa watafiti wa mbali, hazimfikii anayezingoja. Hali hii haikubaliki, na nimeisema kwenye vikao vingi.

Ukiamua kuhama, namba zinabaki kwa mwenye fungu. Kila kifaa kilichoandikiwa namba hizo lazima kifikiwe, hata masika bonde likijaa maji na barabara hazipitiki.

Napendekeza, kwa kuheshimu taratibu za manunuzi za kila taasisi, kwamba fungu lichunguzwe kwenye orodha za kuzuiwa kabla ya malipo. Mkataba utaje kwa maandishi siku za kusafisha au kubadilisha namba chafu. Rekodi ya kinyume iwe kwa jina la taasisi. Ugawaji uandikwe kwenye kanzidata ya AFRINIC, ili jirani akichafua, ijulikane nani ni nani. Vifaa vielekezwe kwa jina, siyo kwa namba. Vyuo na vituo vya utafiti vizungumze na TERNET, mtandao wa elimu na utafiti wa Tanzania, kabla ya kukodi kila kimoja peke yake. Toleo la 6, ambalo halina uhaba huu, liombwe kwenye kila mkataba mpya. Narudia yale mawili ya kwanza: fungu lichunguzwe kabla ya malipo, na mkataba useme nani atasafisha.

Naomba kila taasisi iliyowakilishwa hapa ipitie mkataba wake kabla ya kuuhuisha, na isiyokubaliwa masharti haya isisaini.