Redio za Mitaa Yetu na Wenzao wa Ng'ambo ya Mpaka

Maandishi ya mazungumzo ya afisa wa habari wa kaunti na watayarishaji wa vipindi vya redio za kijamii, City Hall, Nairobi

Najua wengine wenu mna zamu jioni hii, kwa hivyo sitazunguka.

Ukitoka hapa City Hall kwa miguu, dakika chache tu uko Accra Road na River Road, na hapo utasikia makanga wakiita abiria: Busia, Malaba, Kampala. Basi likijaa linapanda Waiyaki Way, linapita Westlands, linapita Kangemi, na kufikia asubuhi liko mpakani. Wengi wa abiria hao si watalii. Ni mama wa Kawangware anayekwenda kumzika shemeji yake upande wa Uganda. Ni kijana anayepeleka nguo sokoni. Wasamia na Wateso wako pande zote mbili za mpaka wa Busia, na mpaka ulipochorwa hakuna aliyewauliza.

Tuseme abiria mmoja anasikiliza Mtaani Radio kwenye simu yake, 99.9 FM. Basi likishaiacha mitaa yetu, sauti inaanza kukwaruza, halafu inapotea. Masafa hayo hayo ya 99.9 yanatumiwa pia na Pamoja FM ya Kibera na Koch FM ya Korogocho. Hilo linawezekana kwa sababu mitambo ya kurushia matangazo ni midogo, na kipokezi cha FM hushika wimbi lenye nguvu zaidi na kuliacha jingine. Mtu aliye katikati ya mitaa miwili anaweza kuhamisha redio kutoka dirishani hadi mezani akajikuta ametoka Dagoretti ameingia Kibera.

Kwa hivyo mtu akisema redio hizi zishirikiane na redio za Uganda, Tanzania, Burundi au Kongo, jibu la kwanza huwa: kwa mtambo gani? Nimesikia swali hilo mara nyingi, na nadhani linatupoteza. Nguvu ya mtambo si jambo la kaunti. Katiba ya 2010, kwenye Jedwali la Nne, imeyaweka matangazo ya redio na televisheni chini ya serikali ya kitaifa, na leseni hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano. Masafa ya FM nayo yana mpango wa kimataifa uliokubaliwa Geneva mwaka 1984, ili nchi jirani zisikanyagane hewani. Hata mngepewa mtambo mkubwa leo, msingeruhusiwa kuuelekeza Kampala mpendavyo. Wimbi libaki mtaani. Kinachoweza kuvuka ni kipindi.

Eneo letu lina mifano ya kutosha. Kenya yenyewe ilianza mapema: mwaka 1982 UNESCO na serikali ya Kenya zilifungua redio ya kijamii Homa Bay, kwa mtambo wa bei nafuu na kwa lugha ya wenyeji. Serikali iliifunga mwaka 1984. Miaka mingi ikapita kabla hatujapata nyingine.

Mfano ninaoupenda zaidi ni Radio Kwizera ya Ngara, kaskazini magharibi mwa Tanzania. Ilianzishwa mwaka 1995 na shirika la Wajesuiti la kuhudumia wakimbizi, wakati Ngara imejaa watu waliotoka Rwanda na Burundi. Redio ilikuwa Tanzania, wasikilizaji wengi walikuwa wa nchi nyingine, na jambo walilolitaka kuliko yote lilikuwa kujua nani wa kwao yuko hai na yuko wapi. BBC nayo ilikuwa imeanzisha mwaka 1994, kwa Kinyarwanda na Kirundi, matangazo yaliyoitwa Gahuzamiryango, yaani kinachounganisha familia. Mtu anasomewa jina lake, kijiji chake, na jina la anayemtafuta.

Lakini miezi michache tu kabla ya hapo, redio nyingine katika eneo hilo hilo ilikuwa inasoma majina kwa sababu tofauti kabisa. RTLM ya Kigali, iliyoanza kutangaza Julai 1993, ilitaja watu na mahali walipo ili wauawe. Kesi ya waliohusika iliamuliwa Arusha, Desemba 2003. Siitaji kuwatisha. Nataka mkumbuke kwamba jina la mtu likishatoka hewani, nyinyi hamchagui tena nani alisikie.

Nitalirudia jambo hili kwa sababu linatuhusu hapa hapa. Kabiria, Riruta na Kawangware kuna majirani zetu waliokimbia Burundi, Rwanda na mashariki mwa Kongo. Wana maduka, wana makanisa, watoto wao wanasoma na wetu. Mmoja wao akija studio akazungumza juu ya kodi ya nyumba au bei ya unga, anajua anayemsikia ni jirani. Kipindi hicho hicho mkikituma Bukavu au Bujumbura, msikilizaji amebadilika. Anaweza kuwa dada yake aliyedhani amekufa. Anaweza pia kuwa mtu aliyemfanya akimbie. Na hata kama yeye yuko salama hapa, wazazi wake wako kule. Ruhusa aliyoitoa kwa redio ya mtaa si ruhusa ya nchi tatu. Mwulizeni upya: kipindi hiki kitasikika wapi, je, jina litumike, sauti ibadilishwe, kijiji kitajwe? Akisita, kipindi kisivuke. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka ridhaa ya mtu iwe ya jambo analolielewa, lakini hata bila sheria hiyo nadhani mngeona wenyewe.

Tena ushirikiano huu unaweza kuokoa redio. Mei 2015, baada ya jaribio la mapinduzi kushindwa Burundi, vituo binafsi vya Bujumbura vilishambuliwa na kufungwa, na waandishi wengi wakakimbilia nchi jirani, hasa Rwanda. Huko walirekodi habari na kuzituma nyumbani kwa intaneti na kwa WhatsApp, na watu wakapokezana faili za sauti simu kwa simu. Redio zisizo na mtambo wala mnara ziliendelea kusikika. Mwaka 2021 uhusiano wa serikali hizo mbili ulipoanza kupona, vituo hivyo vya uhamishoni vikatakiwa na Rwanda vinyamaze. Kwa hiyo anayeishi kwa hisani ya jirani mmoja ajue hisani hiyo ina kikomo. Ni afadhali kuwa na marafiki katika nchi tatu au nne.

Swali la pili ninaloulizwa: mkazi wa Kangemi anafaidika nini? Nitajibu kwa mpox. Tarehe 31 Julai 2024 Wizara ya Afya ilitangaza mgonjwa wa kwanza nchini. Alikuwa msafiri aliyetoka Uganda akielekea Rwanda kupitia Kenya, na aligunduliwa mpakani Taita Taveta. Nchi tatu katika mgonjwa mmoja, na mpaka wa nne alikogunduliwa. Tarehe 14 Agosti Shirika la Afya Duniani likatangaza hali ya dharura ya kimataifa. Siku kama hizo uvumi hufika Kawangware kabla ya taarifa rasmi, mara nyingi kwa ujumbe wa sauti kutoka kwa binamu aliye Busia au Goma. Mtangazaji wa hapa akiwa na namba ya mtangazaji mwenzake wa kule, humpigia. Anauliza: hospitali yenu inasema nini, madereva wanapimwa, ni kweli soko limefungwa? Dakika tano. Taarifa ya wizara peke yake haijibu ujumbe wa binamu, kwa sababu msikilizaji anamjua binamu na hamjui msemaji wa wizara.

Tuliona hali hiyo hiyo Mei 2020, Kenya ilipofunga mpaka na Tanzania na Somalia isipokuwa kwa mizigo, na madereva wa malori wakapanga foleni wakisubiri kupimwa korona. Kila upande ulisikia habari za upande wa pili kutoka kwa watu wa upande wake.

Sasa mambo ya kazi. Lugha kwanza. Kiswahili kinatufikisha mbali kuliko tunavyodhani, ila si kile kile. Sisi tulisema korona, Watanzania wakasema UVIKO-19. Sisi tuna wadi, wao wana kata. Huku shule ya upili, kule sekondari. Matatu huku, daladala kule, na Uganda gari hilo hilo wanaliita teksi. Kiswahili cha Bukavu kitawashangaza zaidi. Msisahihishe wageni. Elezeni neno mara moja mtangazaji anapotambulisha kipindi, muendelee. Na mkiandaa kipindi cha kutumwa, toeni mizaha ya mtaani na majina ya stejini ambayo hata mtu wa Embakasi hayajui.

Saa nayo ina mtego wake. Kenya, Uganda na Tanzania tuko saa moja. Rwanda, Burundi na mashariki mwa Kongo wako nyuma yetu kwa saa nzima. Mkipanga mazungumzo ya moja kwa moja saa moja jioni yetu, kwao ni saa kumi na mbili na huenda mgeni wenu bado yuko njiani. Andikeni saa zote mbili kwenye ujumbe.

Kuhusu gharama, nimefanya hesabu kwa sababu najua wengi wenu mnanunua bando kutoka mfukoni. Sauti ya mazungumzo ya kawaida inasikika vizuri kwa kilobiti 64 kwa sekunde. Kwa kiwango hicho kipindi cha dakika 15 ni takriban megabaiti 7. Hiyo ni chini ya video moja fupi ya kuchekesha inayozunguka kwenye kundi la familia. Tumeni kama faili, si ujumbe wa sauti wa simu, maana ujumbe huo hubanwa sana na mtambo wenu utaonyesha kila dosari.

Wajibu haushirikiwi. Kikitoka hewani kwenye kituo chenu, ni chenu, hata kama kilitengenezwa Ngara. Watu wawili wakisikilize chote kabla ya kurushwa, na mmoja wao awe anaijua lugha yake. Mnapoelewana na kituo kingine, andikeni kwamba kila upande unaweza kukataa kipindi bila kutoa sababu. Urafiki unaolazimisha kurusha kila kitu haufiki mwaka.

Nije kwa kaunti, maana najua mnalisubiri hilo. Leseni hatutoi, na atakayewaambia anaweza kuwapatia masafa kupitia City Hall anawadanganya. Lakini Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 95, inataja redio za kijamii kwa jina miongoni mwa njia ambazo kaunti inaweza kutumia kuwafikishia wananchi habari. Kwa tafsiri yangu hilo lina maana zaidi ya kuwatumia tangazo mlisome. Afisa wa serikali, popote alipo, hupenda taarifa yenye aya ndefu na majina ya wakubwa. Redio inahitaji sauti ya daktari au mhandisi, sekunde 40, kwa Kiswahili ambacho Ngara pia wataelewa. Sauti kama hiyo ndiyo mnayopaswa kutuomba, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inawapa haki ya kuuliza. Ombeni kwa maandishi, mtaje siku mnayoihitaji.

Ningependekeza tuanze na jambo dogo: kipindi kimoja cha dakika kumi juu ya afya ya wasafiri wa mabasi, kitengenezwe na vituo viwili, kimoja cha hapa magharibi mwa jiji na kingine cha upande wa Busia au Tororo. Kila kituo kirekodi nusu yake. Wageni wawe makanga, wauguzi na akina mama wa biashara, nasi maafisa tuje mwisho kabisa kama muda utabaki. Mwenye namba ya mtangazaji wa ng'ambo abaki nyuma kidogo kabla hajaondoka, tuandike orodha.