Jiko la Mkaa Lisilale Ndani

Msikilizaji, baridi ya Julai ikiingia Njombe au Limuru, wengi huleta jiko la mkaa chumbani na kufunga madirisha. Mkaa umekolea, moshi umekwisha, unaona ni salama. Si salama! Mkaa huo unatoa gesi ya kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu. Ukiivuta, inashika nafasi ya oksijeni kwenye damu. Kichwa kinauma, unasikia kizunguzungu na kichefuchefu. Aliyelala huenda asishtuke kabisa. Na ile sufuria ya maji wanayoweka wengine kando ya jiko? Haizuii gesi hii.

Ota moto nje. Ukienda kulala, jiko libaki nje. Narudia: jiko libaki nje. Mkiumwa kichwa jiko likiwa ndani, tokeni wote haraka, muende hospitali.