Mwimbaji wa Achterhoek: Maisha na Kazi ya Bennie Jolink



Nilipoombwa nizungumze habari za muziki wa Ulaya, bila shaka wengi wenu mlitaraji nitawataja wale ambao santuri zao zimefika kila bandari ya dunia. Lakini niliyemchagua ni mtu ambaye nje ya Uholanzi ni wachache wamjuao, na ambaye hata ndani ya nchi yake watu wa Amsterdam, walipomsikia mara ya kwanza, iliwabidi watege masikio ndipo wafahamu asemalo. Huyu ni Bennie Jolink, aliyezaliwa mwaka 1946 katika kijiji cha Hummelo, pande za Achterhoek, mashariki ya jimbo la Gelderland kunakopakana na Ujerumani.

Achterhoek ni nchi ya malisho na mashamba, na lugha ya wenyeji wake ni tawi la Kisaksoni cha Chini, ambacho nasaba yake iko karibu zaidi na lahaja za kaskazini ya Ujerumani kuliko Kiholanzi sanifu cha miji ya magharibi. Mtoto aliyekulia katika lugha hiyo alifahamu mapema kwamba shuleni, afisini, na katika redio iliyokuwa ikitangaza kutoka Hilversum, maneno ya mamaye yalihesabiwa kuwa ni ya washamba, yanayofaa kuchekeshea watu na basi. Jolink mwenyewe hakuwa mkulima bali mchoraji aliyeisomea sanaa yake, na kwa rai yangu jambo hili si dogo, kwani mchoraji ndiye aliyezoea kukikazia macho kitu ambacho wengine wamekipita kwa kuwa wanakiona kila siku.

Desturi ya wakati ule ilikuwa kwamba kijana wa Kiholanzi akishika gitaa la umeme huimba Kiingereza, na waliofanya hivyo hawakukosa sababu, maana Shocking Blue na Golden Earring, bendi mbili za mji wa The Hague, zilikuwa zimepata sifa mpaka Marekani kwa njia hiyo. Jolink na wenziwe waliikataa. Mwaka 1975 waliunda bendi wakaiita Normaal, yaani kawaida, na sikukuu ya Kupaa kwa Bwana ya mwaka huo wakapanda jukwaani katika mji wa Lochem, wakaimba kwa lahaja yao, kwa kelele na utukutu uliowastaajabisha waliohudhuria.

Mwaka 1977 ukatoka wimbo uliowajulisha kwa taifa zima, nao ni "Oerend hard". Kisa chake ni kifupi: Bertus na Tinus, mmoja juu ya pikipiki ya Norton na mwenziwe juu ya BSA, wanakwenda kutazama mashindano ya pikipiki huko Hengelo, ile ya Gelderland, na katika mbio zao zisizo na hadhari wanapatwa na ajali wakafa. Yatazameni majina hayo, kwani siri ya wimbo imo ndani yake: ni majina ya vijana ambao kila kijiji cha Achterhoek kinao, na pikipiki zile ni za aina ambayo msikilizaji wa huko aliijua kwa mngurumo wake kabla haijatokeza barabarani. Msiba umesimuliwa kwa muziki wa kasi, bila ya wimbo kusimama kuwalilia marehemu wala kuwakemea. Na watu wakaucheza, na mpaka leo wanaucheza. Wako waliouita upuuzi wa walevi, nami siwezi kukana kwamba katika nyimbo nyingine za Normaal pombe ni nyingi kuliko fikra; lakini huu si mmojawapo.

Ufalme wa Uholanzi ulikuja kukitambua Kisaksoni cha Chini mwaka 1996, ulipouridhia Mkataba wa Ulaya wa lugha za majimbo, na hata hapo ukakipa daraja iliyo chini ya ile ya Kifrisi. Kufikia wakati huo Normaal ilikwisha kuimba zaidi ya miaka ishirini, na wafuasi wake walikuwa wakiyajaza mahema ya sherehe vijijini bila ya kungoja idhini ya mtu. Sidai kwamba mwimbaji ndiye aliyewaleta mabwana wa serikali kwenye meza ya mkataba. Nasema tu kwamba kijana aliyeona haya kuisema lahaja yake mbele ya mgeni alipata, kwa Jolink, mahali pa kuipigia kelele.

Normaal iliaga tarehe 19 Desemba 2015 katika uwanja wa GelreDome, mjini Arnhem, mwaka uliofuata ule aliofariki Jan Manschot, mpiga ngoma wake wa tangu zamani. Mwanawe Jolink, Gijs, naye mwanamuziki, alikwisha kuanzisha pamoja na wenziwe tamasha la Zwarte Cross, ambalo siku hizi hufanyika Lichtenvoorde, na ambamo mbio za pikipiki na muziki huchanganywa kwa siku kadha. Na wanaohudhuria, wakiwamo wengi kutoka miji ile ya magharibi, wamepata kupita laki mbili.