Tusimtoe Mtoto Mwenye Ulemavu Katika Halaqa



Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Amma baad.

Surat Abasa iliteremka kwa sababu ya kipofu aliyekuja kutafuta elimu, naye ni Abdullah bin Ummi Maktum (R.A.). Baadaye aliadhini Madina pamoja na Bilal (R.A.), na Mtume (S.A.W.) alimwachia mji alipotoka safarini. Basi sisi wa Mkwajuni tuna hoja gani ya kumficha ndani mtoto asiyeona?

Wapo wazazi wanaohofu kwamba mtoto mzito wa kuelewa atawachelewesha wenzake. Hofu hiyo ina ukweli pale ambapo mwalimu mmoja anaimbisha watoto sitini kwa pamoja. Dawa yake ni kuwagawa katika halaqa ndogo za watoto wanne au watano wenye uwezo tofauti, na kila mmoja apewe kazi yake. Asiyeona aongoze kukariri, kwani sikio lake limezoea kuhifadhi. Asiyesikia akae mbele ya mwalimu, aonyeshe herufi na kupanga mbegu za kuhesabia. Mwepesi amweleze mzito, naye kwa kueleza atazidi kuithibitisha elimu yake. Mwalimu azunguke na kuangalia, asije hodari akafanya kazi zote na wengine wakabaki watazamaji.

Njia hii si ngeni kwetu. Mwaka 1986 Bi Swafiya Said alianza Mombasa kazi ya shule za awali za Madrasa, kwa msaada wa Aga Khan Foundation, na baadaye zikaenea Zanzibar na Uganda. Humo watoto hujifunza kwa michezo na kwa makundi madogo, kwa vifaa vinavyopatikana papo hapo. Nayo Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto wetu haki ya kusoma katika shule za kawaida.

Enyi wazazi, mtoto ni amana, na kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga. Mleteni madrasa angali mdogo, kabla wenzake hawajajifunza kumcheka na yeye hajajifunza kujificha. Nanyi walimu, mpeni nafasi ndani ya duara, si mlangoni.

Wabillahi tawfiq.