ZINKI IKIBANDUKA, ASILAUMIWE FUNDI PEKE YAKE
Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama



Neno letu leo ni juu ya zinki inayobanduka. Katika karakana moja tuliyofanya kazi, vyuma vilivyochovywa vilipokunjwa, zinki ilitoka kama magamba ya samaki. Nyapara akasema mafundi wanapiga ovyo, na watu wakakatwa mshahara. Hatukuwa na la kujibu.

Leo tunalo. Chuma huchovywa katika zinki iliyoyeyuka, yenye joto la digrii 450 hivi za sentigredi. Humo chuma na zinki huungana, na kufanya matabaka ya mchanganyiko chini ya zinki tupu. Zinki tupu ni laini. Baadhi ya matabaka hayo ni magumu kuliko chuma chenyewe. Lakini kigae ni kigumu nacho hupasuka, na ngozi ni laini nayo hukunjika. Matabaka yakizidi unene, kunja chuma uone nyufa.

Huzidishwa na nini? Kukaa tangini muda mrefu, moto kupita kiasi, na aina ya chuma, hasa silikoni iliyomo. Katika hayo matatu, mwenye nyundo hana hata moja mkononi mwake.

Dawa ipo. Viwanda vya mabati hutia alumini kidogo katika zinki, kama sehemu 2 katika 1000. Alumini huwahi kukishika chuma na kufanya utando mwembamba sana, unaozuia matabaka yale yasikue. Tena bati hupita tangini kwa sekunde chache tu. Ndiyo sababu bati la nyumba hutiwa mikunjo baada ya kupakwa, wala zinki haitoki. Kwa vyuma vinene, kukunja, kutoboa na kuchomelea kutangulie, ndipo kuchovya kufuate.

Ndugu, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yaruhusu kukata kiasi cha haki kwa hasara iliyoletwa na mfanyakazi kwa kusudi. Zinki iliyobanduka kwa ajili ya moto wa tangi si kusudi la mtu. Basi mwakilishi wetu aulize kabla ya senti kukatwa: chuma kilikaa tangini dakika ngapi? Joto lilikuwa digrii ngapi? Chuma ni cha aina gani? Nasi tuandike majibu kila siku, maana asiye na daftari hushindwa barazani.